Sauti Nyembamba ya Mzee Zawose na Ukimya wa Ufipa

Kuna ugonjwa mmoja uliotuingia katika mambo ya utamaduni, nao ni ugonjwa wa kumsifu msanii akiisha kuzikwa. Angali hai, tunamwita aje atumbuize wageni. Akimaliza tunampa nauli ya kurudia kwake, na kabla vumbi la magari halijatulia tumekwisha kumsahau. Siku akifa ndipo tunaposimama mbele ya watu na kutamka kwamba Taifa limepoteza hazina isiyo kifani. Tunasema limepoteza, kana kwamba kuna mwizi aliyekuja usiku. Hakuna mwizi. Kilichopotea tulikiacha njiani wenyewe, mchana, huku tukikiona.

Katika insha hii tunakusudia kuupiga vita ugonjwa huo, na silaha yetu itakuwa ni mfano wa mtu mmoja: Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga ilimba wa Kigogo. Huenda msomaji akauliza, sisi tulioko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, tuna haja gani na mwimbaji wa Ugogo? Haja tunayo. Yaliyompata Zawose, yaani kusikilizwa, yangeweza kumpata mzee yeyote wa Nkasi, wa Kalambo au wa Kwela. Na yaliyowapata wazee wetu, yaani kutosikilizwa, yangeweza kabisa kumpata Zawose. Tofauti baina yao imeletwa na bahati kuliko kipaji, na Taifa linalouachia urithi wake mikononi mwa bahati halina haki ya kulia urithi huo unapotoweka.

Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, katika nchi ya Wagogo, nchi ya mvua chache na mifugo mingi. Alilelewa katika nyumba ya muziki, akajifunza kwa babaye, kama ilivyokuwa desturi. Hakuna aliyemfundisha kusoma noti. Shule yake ilikuwa malishoni, uwanjani na penye vilabu vya pombe, na watahini wake walikuwa wazee wa kijiji, ambao hawakuwa na huruma kwa mwimbaji aliyekosea. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, naye akaingia katika utumishi wa sanaa za Taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, huko ndiko alikofanya makao na kazi yake, akiwa amezungukwa na ukoo mkubwa wa wapigaji na waimbaji. Alifariki dunia Bagamoyo mwezi Desemba mwaka 2003.

Sasa tuitazame sauti yenyewe, kwa maana wengi wanaomtaja Zawose hawajawahi kumsikiliza hata nusu saa. Aliweza kuanza wimbo kwa sauti nzito, iliyo chini kabisa, mfano wa fahali anayenguruma zizini. Kisha, bila ya kupumzika, akairusha kutoka kifuani hadi kichwani, ikawa nyembamba na kali, juu ya koo la kawaida la mwanamume, hata asiyemwona akadhani kwamba mwanamke amepokea wimbo. Akaishikilia huko juu, akaitetemesha, akaiteremsha tena. Huo haukuwa mchezo wa koo. Katika uimbaji wa Kigogo sauti ya juu ina kazi yake kama dari ilivyo na kazi yake katika nyumba: sauti nyingine hujengwa chini yake, kila moja ikishika njia yake, na zote zikakutana mahali pamoja.

Chini ya sauti hiyo ililia ilimba. Wengi wanaidharau kwa kuiona ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Lakini katika ilimba kubwa za Kigogo kuna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kamwe. Vimewekwa pale ili vitetemeke vyenyewe vyuma vingine vinapopigwa, na kuifanya sauti ijae kama maji katika mtungi. Katika kisanduku hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando mwembamba wa buibui, ili kila mlio uwe na uvumi wake. Ngazi ya sauti zake hailingani na ngazi ya kinanda cha Kizungu, na mtu anayesema kwamba ilimba imekosea anafanana na mtu anayesema kwamba Kigogo ni Kiingereza kilichoharibika. Kwa hiyo tunaposema muziki wa jadi, tunasema habari ya elimu: elimu ya mbao, ya chuma, ya hewa na ya sikio.

Elimu hiyo ilipata heshima gani kwetu? Hatuna budi kuwa waadilifu. Taifa letu lilianza vizuri. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kushika Urais wa Jamhuri, Mwalimu alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akawauliza wasomi wa wakati ule jinsi walivyojua kucheza rumba na chachacha ilhali ngoma za baba zao hawazijui hata kwa majina. Swali lile lilichoma. Kikundi cha ngoma cha Taifa kikaundwa, redio ikatuma mafundi wake mikoani kurekodi ngoma, na mwaka 1984 Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Sanaa la Taifa. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuyabeza hayo.

Lakini kosa liliingia mapema, nalo lilikuwa hili: tulipenda maneno ya wimbo kuliko wimbo. Zawose aliimba sifa za nchi na za viongozi wake, nasi tukashangilia kwa sababu tuliyaelewa maneno. Ile sauti, ile ilimba, ule ujenzi wa sauti juu ya sauti, tuliuona kuwa ni mfuko tu wa kubebea ujumbe. Ngoma ikawa kipaza sauti. Na kipaza sauti kikiisha kazi hufungwa na kurudishwa ghalani.

Tazameni ratiba za sherehe zetu hata leo. Hotuba ya mgeni rasmi haikatwi. Salamu za wafadhili hazikatwi. Muda ukiwa mfupi kinachokatwa ni ngoma. Wazee waliotembea tangu alfajiri na ngoma zao begani wanaambiwa wacheze dakika tano, na katika dakika ya tatu mshereheshaji anapunga mkono na kusema, "Inatosha, wazee wetu, inatosha!" Inatosha kwa nani? Wimbo ambao kwa desturi huhitaji usiku mzima upate kukomaa, unakatwa kabla hata koo la mwimbaji halijapata joto. Kisha tunawalaumu vijana wanaosema kwamba ngoma za jadi hazina utamu. Utamu wataupata wapi, nao hawajapewa ila harufu?

Wageni nao walipomsikia Zawose walifanya nini? Sahani zake zilitolewa Uingereza na Japani. Mwaka 1996 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa sahani yake iitwayo Chibite; mwaka 2002 ikatoa nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Mwaka huo huo wa 2002 yeye na mpwa wake, Charles Zawose, waliimba mbele ya umati wa watu wa Marekani katika ziara ya Gabriel. Hatusemi haya ili tuwaabudu wageni. Wana maslahi yao, na biashara ni biashara. Tunasema kwamba mtu wa Uingereza, asiyejua neno moja la Kigogo, alinyamaza akasikiliza wimbo mpaka mwisho, na sisi tulioyaelewa maneno hatukuufikisha hata katikati.

Wako wanaodhani kwamba mwanamume kuimba kwa sauti nyembamba ni kujishusha, au kwamba ni uimbaji wa watu wasiostaarabika. Hao na waitazame Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Wanaume wa huko huimba kwa sauti kama hiyo, nao huiita leo kiʻekiʻe, yaani sauti ya juu. Mwaka 1896 sheria iliamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na lugha ya wenyeji ikafukuzwa madarasani. Ilikimbilia wapi? Mojawapo ya mahali ilipopata hifadhi ni katika nyimbo. Watu ambao hawakuweza tena kuiandika lugha ya babu zao waliendelea kuiimba, na katika kuiimba wakaitamka sawasawa. Mwaka 1978 katiba ya Hawaii iliitambua tena lugha hiyo kuwa rasmi pamoja na Kiingereza. Na mwaka 1996, mwaka ule ule wa Chibite, ndugu wawili wa kisiwa cha Maui, Richard na Solomon Hoʻopiʻi, walitunukiwa na serikali ya Marekani nishani kubwa ya wasanii wa jadi kwa ajili ya sauti zao nyembamba. Walitunukiwa wakiwa hai, wakaweza kusimama na kuimba.

Tumelitaja jambo la lugha kwa makusudi, kwa maana ndilo linaloturudisha nyumbani. Ufipa ni nchi ya juu iliyolala kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa mji huu aulizwe aimbe wimbo mmoja wa Kifipa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ataimba nusu ya kiitikio, kisha atacheka. Kicheko hicho ndicho msiba wetu. Watu wa mikoa mingine wanalijua jina la Sumbawanga kwa mzaha mmoja tu, mzaha wa uchawi, na jina hilo lenyewe husemwa kuwa maana yake ni kuutupa uchawi! Watu wasiosikika wakiimba hutambulishwa kwa mizaha ya wenzao. Laiti nchi ingalizijua nyimbo za Ufipa kama inavyoujua mzaha huo, tungalikuwa na jibu.

Tumekwisha kuona jinsi urithi unavyokufa hapa. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila ya mivukuto. Ilungu lilijengwa na kupambwa mfano wa bibi arusi, na kazi yote ilikwenda kwa dawa zake, miiko yake na nyimbo zake. Majembe ya madukani yalipoingia, kazi ile ilikoma. Baadhi ya malungu yangali yamesimama vijijini, na watalii huyapiga picha. Mwaka 1969 J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika habari za mafundi wa chuma wa Ufipa, na tunamshukuru. Lakini udongo husubiri miaka mia; wimbo hauna ukuta wa kuegemea. Ukitoka katika kinywa cha mwisho umekwenda.

Hata hadithi zetu, msomaji ajue, ziliokotwa na mgeni. Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza, alikuja Ufipa katika miaka ya 1960, akaketi na wazee, akawasikiliza, na mwaka 1978 kitabu chake cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa kikachapwa Oxford, kwa Kiingereza. Hatumlaumu. Alifanya kazi ambayo sisi, wenye lugha, hatukuifanya. Tunajilaumu kwamba mtoto wa Ufipa akitaka kusoma alichosimuliwa babu yake hana budi kwanza ajifunze Kiingereza, kisha atafute nauli.

Wapo watakaosema kwamba Ufipa unaimba sana, na ushahidi ni kwaya za makanisa. Ni kweli. Wamisionari Wakatoliki walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na leo hakuna parokia ya uwanda huu isiyo na kwaya. Hatuna ugomvi na sala. Ugomvi wetu ni na yule mwalimu wa kwaya anayeamini kwamba sauti za binadamu ni nne tu. Tumewahi kuhudhuria mazoezi ya kwaya moja ambayo hatutaitaja. Mzee mmoja, wimbo ulipomkolea, aliipandisha sauti yake nyembamba juu ya wenzake wote, na ngozi zikatusisimka. Mwalimu, kijana mwenye adabu, alisimamisha wimbo, akabonyeza kinanda chake, akasema, "Mzee wangu, naomba ushuke, unatuharibia." Mzee akashuka. Jioni yote ile hakupanda tena. Ilhali Kanisa lenyewe, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, liliufungulia mlango muziki wa kila taifa. Mlango uko wazi. Aliyeshika komeo ni sisi.

Tunayajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba kuzikuza nyimbo za makabila ni kuukuza ukabila. Hoja hii ilikuwa na uzito wake tulipokuwa tukijenga Taifa changa, lakini Zawose mwenyewe ameivunja. Aliimba kwa Kigogo miaka yote, na dunia ikamwita Mtanzania. Mkeka hushikana kwa sababu kila ukili ni mzima. Ukizikata kili ili zifanane utabaki na takataka. Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao hawakuziacha ngoma zao Usukuma, na hatujaona kwamba ngoma hizo zimewafanya raia wabaya.

Jibu la pili ni kwamba muziki wa jadi haulishi. Hilo nalo ni nusu ya kweli, na anayelisema ndiye aliyesababisha. Mpiga muziki wa dansi hulipwa kwa saa. Mzee wa ngoma hulipwa kwa shukrani. Mtu akilipwa shukrani miaka thelathini, mwanawe atakwenda kujifunza kazi nyingine, na hatakuwa amekosea.

Jibu la tatu ni kwamba vijana hawaupendi. Tunajibu kwa mfano. Baada ya Zawose kufa, na Charles naye kumfuata mwaka 2004, wengi walidhani kwamba habari imekwisha. Haikwisha, kwa sababu katika ukoo ule muziki ulifundishwa nyumbani, kila siku, kwa watoto wote. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa sahani iitwayo Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu, walitoa ya kwao iitwayo Maisha, wakiwa waimbaji wakuu, wakati ambapo zamani wanawake wa ukoo walisimama nyuma ya wanaume na kuitikia. Huko Chamwino nako, katika Ugogo wenyewe, limekuwapo tamasha ambamo vijiji huja kuimba muziki wao, wakubwa kwa watoto. Vijana hao hawakuzaliwa na masikio tofauti na ya vijana wa Ufipa. Walifundishwa tu.

Basi tufanye nini? Tunayo mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. Kwanza, afisa utamaduni wa kila wilaya awajue kwa majina waimbaji walio hai katika eneo lake, na nyimbo wanazozijua, na umri wao. Na daftari hilo lisifunguliwe siku za ugeni pekee. Pili, nyimbo hizo zirekodiwe mahali zinapoimbwa, kwa urefu wake wote, maneno yake yaandikwe kwa Kifipa na maana yake kwa Kiswahili, na nakala ibaki kijijini. Siku hizi simu ya mkononi aliyonayo kila mwalimu yatosha kuianza kazi hiyo. Tatu, wazee waingie madarasani. Mzee anayefundisha kipindi kimoja cha wimbo alipwe kama anavyolipwa mtu yeyote anayefundisha kipindi. Kurekodi bila kufundisha ni kukausha nyama ya mnyama wa mwisho. Nne, katika sherehe zetu ngoma ipewe muda wake, na muda ukipungua zikatwe hotuba, zikiwamo za kwetu sisi watumishi wa umma.

Nasi, kwa kuwa kazi yetu nyingine ni kutunga, tumeyafunga haya katika ubeti mmoja:

Sauti ya baba yetu, sikilizeni yu hai,
Akishazikwa na watu, kilio hakimfai,
Wimbo ni shamba la kwetu, bila jembe halizai,
Tukiuacha ufe tu, kesho hatujitambui.

Mwaka 1967 sikio moja lilisikia sauti moja kutoka Doduma, na Taifa likapata Zawose. Ni sauti ngapi za miaka ile, za Ufipa, za Ubende, za Unyiha, ambazo hazikupata sikio? Hatuwezi kuzihesabu, kwa kuwa zimezikwa. Tunaloweza ni kuzihesabu zilizobaki. Msimu huu wa mavuno, ulezi ukiisha kuingia ghalani na pombe ikiisha kuiva, wako wazee katika vijiji vya uwanda huu watakaoimba mpaka usiku wa manane. Anayedai kuupenda utamaduni wa Taifa na aende akakae nao, asiwakatishe.